Ukuta wa Madam Chepkemoi

“—kwa ukuta, Weldon! Kwa ukuta! Uso yangu kubwa kama mlango wa kanisa, nimejifunga taulo kwa kichwa, nalia mpaka makamasi, na watu watatu wamekaa hapo na vikombe vya chai wakiniangalia kama sinema!”

“Babe, punguza sauti.”

“Nipunguze? Hao walinipunguzia?”

Jepleting alikuwa ndio ametoka ndani ya interview. Alikuwa na viatu vya kuchuchumia vya kuazima, na blausi nyeupe yenye alipiga pasi asubuhi ikiwa imeshika mgongo kwa jasho. Alikuwa amevuka barabara bila hata kuangalia gari, akaenda moja kwa moja mpaka kwa kigari ya soseji za smokie chini ya mti, mahali walikuwa wamekubaliana na Weldon. Sio kwa gate. Gate ya hiyo kampuni ya safari za watalii, ile ya green hapo Milimani, Weldon hakutaka waonekane hapo pamoja. Yeye alikuwa ameandikwa huko mwaka wa pili, upande wa magari, na kampuni haichukuangi watu wawili wa nyumba moja. Kwa hivyo mpango ulikuwa Jepleting apate kazi kwanza, halafu watu wajue polepole.

Na kujua ilikuwa lazima wajue, kwa sababu koito, ile ya kuposa, ilikuwa Jumamosi. Siku mbili tu, wazee wa kina Weldon wapande mpaka Keringet, waketi kwa sebule ya kina Jepleting, waseme wameona msichana kwa hii boma na wanamtaka. Mama yake alikuwa ameshaanza kusafisha vibuyu vya maziwa ya mursik kutoka Jumapili.

Aki huyo Weldon. Mrefu, mweusi wa kung'aa, na ile nafasi katikati ya meno ya mbele yenye ilikuwa inafanya Jepleting asahau sentensi katikati. Tangu college ilikuwa hivyo. Akikuangalia, anakuangalia na macho yote mawili, pole pole, kama mtu anasoma kitu hataki iishe. Lakini leo alikuwa anaangalia smokie. Aliishika kwa mkono, imepasuliwa, kachumbari inamdondokea kwa kitambulisho cha kazi, na hakuwa ameiuma hata kidogo.

“Nieleze vizuri,” akasema. “Ilianza aje?”

“Ilianza poa! Wameniuliza mambo ya booking, nikajibu. Mgeni akikasirika utafanya nini, nikajibu mpaka huyo mzee wa accounts akacheka. Najua nimepita, Weldon, mtu hujua. Halafu huyo mkubwa wenu, Madam Chepkemoi, akaweka kalamu chini. Akaniambia, ‘Sasa msichana wangu, tuchungulie dirisha kidogo.’ Nikadhani ni dirisha ya kweli! Nikageuka!”

“Hiyo ni maneno yake tu.”

“Akanyoosha mkono ati nimpe simu. Ati nifungue Insta, niweke password, wao wanataka tu kujua wanaajiri nani. Nikamwambia, madam, na heshima zote, hiyo ni mambo yangu ya nyumbani. Unajua alifanya nini? Alitabasamu. Akasema, ‘Ni sawa, dirisha imeshafunguliwa.’ Akabonyeza kitu, projekta ikawaka, na ukuta wote ikawa mimi.”

Mwenye smokie, Makhanu, alikuwa amewacha kukata nyanya. Kisu ilikuwa hewani.

“Si ile akaunti ya kawaida,” Jepleting akaendelea, na sauti ikaanza kupasuka. “Ile ya kawaida wangeangalia wachoke. Ni ile ingine. Ile ya ndani. Ile nimefunga, ya watu wa kuhesabika na mkono moja.”

Weldon akageuza smokie kwa mkono.

Hiyo akaunti ndio ilikuwa shimo ya Jepleting ya kusemea. Mwaka uliopita, venye alifutwa kazi ile ya kwanza, aliugua. Haikuwa malaria. Ilikuwa ile ugonjwa ya kuangalia mlango ukishindwa kutoka kitandani. Daktari alimpatia dawa, akanywa, na polepole akarudi kwa watu. Nyumbani hakusema. Mama yake wakati huo wote alijua mtoto yuko kazini Nakuru, anapiga simu anaulizwa kazi iko aje, anajibu iko sawa. Chenye hakuweza kuambia mama, aliambia hiyo akaunti. Alikuwa anawasha kamera hivyo tu, na taulo kichwani, anasema leo tena nimeshindwa. Na siku zingine nzuri, anacheza densi bafuni akiigiza boss wake wa zamani. Watu wake wachache walikuwa wanamwekea moyo nyekundu, basi, analala.

“Waliweka yote,” akasema. “Densi, wakacheka. Halafu ile ya dawa. Madam akaisimamisha hapo hapo, mdomo yangu ikiwa wazi. Akaniuliza, ‘Sasa siku mgeni ameshuka airport na wewe umeshindwa kutoka kitandani, tumwambie nini?’ Halafu akaniuliza kama mimi ni wa Mama Cheruto wa Keringet, yule wa choir ya wamama. Anamjua, Weldon! Ako na shamba huko juu, huwa anaenda hiyo kanisa yetu! Akasema, ‘Na mama yako anajua uko na dawa za akili?’”

“Woi,” Makhanu akasema. Halafu akajifanya anakohoa.

Weldon aliweka mkono kwa bega ya Jepleting. Hiyo mkono, siku ingine yoyote, ingetosha. Jepleting akaegemea kidogo, akafunga macho, akanusa ile harufu ya sabuni na diesel yenye alikuwa anaipenda.

“Lakini nimemjua,” akasema akiwa hapo kwa kifua.

“Nani?”

“Mwenye aliwapatia. Ni Sue.”

Sue alikuwa roommate wake wa college, mmoja wa hao wachache wa akaunti, na hata hivyo viatu alikuwa amevaa vilikuwa vya Sue. Walikuwa wamekosana kitambo kidogo, kitu ya upuzi, Sue alisema Jepleting anakimbilia ndoa.

“Sue alisema hiyo maneno ya koito vibaya, unakumbuka? Na ako na cousin hapo ndani kwa reception. Nimeingia choo yao nikamtumia voice note, Weldon, nimemtukana matusi yenye sijawahi tukana mtu. Nimemwambia asikanyage kwetu Jumamosi. Nimemwambia ni mchawi. Nikamblock.”

Akangoja Weldon aseme kitu. Weldon alikuwa anapapasa bega yake tu, juu chini, juu chini.

“Umefanya poa,” akasema mwishowe. “Marafiki wengine ni hivyo.”

“Si ndio? Aki nikikutoa wewe, sina mtu duniani.” Akapangusa macho na mgongo wa mkono, na kwa sababu Jepleting ni Jepleting, hata katikati ya kilio akapata kitu cha kushukuru. “Na Mungu ni mwema, hawakuona zetu. Hata moja.”

“Zetu?”

“Picha zetu, babe. Ile ya ziwani umenibeba mgongoni. Ile umelala na mdomo wazi. Ile ya birthday yako umepakwa keki. Nusu ya hiyo akaunti ni wewe, na kwa ukuta hakukuwa na hata kidole yako.”

“Ilikuwa bahati,” Weldon akasema.

Alisema haraka. Haraka kuliko venye alikuwa amesema kitu chochote tangu Jepleting avuke barabara.

Jepleting akainua kichwa kutoka kwa kifua.

“Bahati ya aina gani?”

“Bahati tu.”

“Zimepangana, Weldon. Wewe, mimi na taulo, wewe, wewe, mimi bafuni. Mtu akishuka na kidole lazima akupite.” Alikuwa anaongea polepole sasa, kama mtu anavuka mto akitafuta mawe. “Sue angekuruka kwa nini? Sue hata hakupendi. Sue angekuweka wa kwanza.”

Weldon akaangalia gate.

“Niangalie mimi. Gate haijakuuliza kitu.”

“Jep, sikia—”

“Sitaki sikia. Sema.”

Kachumbari ikaanguka yote. Weldon akaweka smokie kwa kigari ya Makhanu, akajipangusa mikono kwa suruali, na ile macho mawili yenye husoma mtu polepole ikakosa mahali pa kukaa.

“Madam hufanya hivyo kwa kila mtu,” akasema. “Mtu akituma maombi, wanatafuta jina mtandaoni. Wakipata amefunga akaunti, wanauliza kwa staff, nani anamfuata huyu? Lazima mtu atapatikana, Nakuru ni ndogo. Jumatatu wakasoma jina yako kwa mkutano. Nikaona nikinyamaza watatupa karatasi yako. Wanasemanga mwenye amefunga ako na kitu anaficha. Nikainua mkono.”

“Ukainua mkono.”

“Nikasema namjua tu kidogo, wa college. Madam akasema nimpe simu anakili video. Nilikuwa nataka waone venye uko mchangamfu! Ile ya densi! Nilijua watakupenda. Sikujua atashuka mpaka huko chini.”

“Na za kwako?”

Weldon akajipangusa mikono tena kwa suruali.

“Weldon Kiplimo. Na picha zako?”

“Niliomba dakika moja niende nje kwanza,” akasema, na sauti ikawa ndogo. “Nikajitoa kwa zile zenye niko. Nikaingia na password yako, nikazificha. Wangejua tuko pamoja, mngekosa… tungekosa wote wawili.”

“Ulikuwa na dakika moja.” Jepleting alirudi nyuma hatua, viatu vya Sue vikazama kwa mchanga. “Ulikuwa umesimama nje na simu kwa mkono, unachagua. Ukajitoa wewe, picha moja moja. Ukafika kwa hiyo yangu ya taulo, ukaipita.”

“Sikufikiria hiyo.”

“Hiyo ndio naona. Hukunifikiria.”

“Nilifanya juu yetu! Mwaka mzima huna kazi, mimi ndio nalipa nyumba, sijawahi kukuuliza! Nani alikuombea hiyo interview? Ama unadhani madam alikuota?”

“Sasa tumefika hapo? Basi sema yote.”

“Unapiga kelele kwa barabara juu ya video! Watu wanaanika kila kitu huko. Hungetaka ionekane, ungeweka ya nini?”

“Niliwekea wewe!” akapiga kelele, na msichana mwenye alikuwa anapita na shopping akageuka mzima mzima. “Niliweka nikijua nani ataiona! Ulikuwa unaniwekea moyo, Weldon. Kila siku wewe ndio ulikuwa wa kwanza. Kumbe ulikuwa unaniwekea alama.”

“Si hivyo.”

“Na Sue.” Hiyo sasa ndio ilimfikia vizuri. “Nimekuambia hapa saa hii nimemtukana Sue. Umenipapasa bega. Umesema nimefanya poa.”

Weldon akaanza kupangusa kachumbari kwa kitambulisho chake.

“Ungeniacha. Ungeniacha nimchukie Sue mpaka nizeeke. Angekuja kwa harusi ya mtoto wetu tungemfukuza, na wewe ungekuwa umeketi hapo unakula wali.”

“Enyewe hapo boss umekosea,” Makhanu akasema, macho ikiwa kwa nyanya. “Mimi sijaskia kitu. Lakini hapo umekosea.”

“Makhanu, jali smokie zako!”

“Naijali. Hii yako utalipa?”

Jepleting hakucheka. Aliongea chini sasa, na Weldon akaogopa hiyo chini kuliko kelele.

“Unajua Jumamosi wazee wenu wangefanya nini? Wangeuliza ukoo yetu. Wangeuliza kama kwa boma yetu kuna mwizi, kuna mlevi, kuna ugonjwa. Maswali mbaya hata kushinda ya madam. Lakini wangekuja mchana, wagonge mlango, wavue kofia, waulize watu wakiwa wameketi. Na baba anawauliza na wao. Hivyo ndio sisi huulizana. Hakuna mzee wenu angepanda kwa mti wa nyuma achungulie nikioga.”

“Jep, please.”

“Halafu mimi naitwa. Unajua hiyo. Naitwa kutoka jikoni, nasimama katikati, baba ananiuliza, ‘Hawa wageni, unawajua?’ Nikisema siwajui, wanaenda nyumbani. Nikisema nawajua, basi. Nimefanya mazoezi ya hiyo neno moja mwezi mzima kama mjinga. Mbele ya kioo.”

Macho zake zilijaa, na kwa muda kidogo Weldon akaonekana yule wa zamani. Akamkaribia. Akamshika vidole, vidole tu, na ile nafasi ya meno ikaonekana kidogo, sio kwa kicheko, kwa uchungu.

“Nimekosea,” akasema. “Naenda kwa Sue leo leo. Nitapiga magoti. Kwa madam nitasema ukweli, nikifutwa nifutwe. Wewe ni wangu, Jep. Nitasema mbele ya mtu yeyote.”

Na Jepleting, Mungu amhurumie, alikuwa karibu. Alikuwa amebakisha pumzi moja amsamehe.

Gate ya green ikafunguliwa.

Gari ya Madam Chepkemoi ikatoka polepole, ikavuka barabara, ikasimama hapo kwa smokie. Kioo ikashuka. Weldon aliwacha vidole vya Jepleting kama mtu ameshika sufuria moto.

“Weldon! Kumbe lunch yako iko hapa?” Madam akasema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya mama mlezi, ile sauti hukuita ‘msichana wangu’ ikikupima mfupa. “Na mmesimama na Jepleting jua kali hivi. Mnajuana namna gani?”

Jepleting akageuka, akamwangalia Weldon. Alimwangalia tu, na alimpatia nafasi yote yenye mtu anaweza kupatiwa.

Weldon akanyoosha kitambulisho chake kwa kifua.

“Tulisoma tu college moja, madam,” akasema. “Alikuwa ananiuliza njia ya kurudi town.”

Makhanu aliweka kisu chini.

Hapo jogoo wa Biblia tu ndio alikuwa amekosekana awike. Jepleting akaskia kitu ndani yake ikikaa chini, kama mtu amechoka kusimama.

“Aa,” Madam akasema. “Sasa Jepleting, usininunie. Unajua nimekupenda? Wote wengine wameingia hapo wakinidanganya. Wewe nimekuona mpaka ndani. Kuja Jumatatu uanze. Ile akaunti tu utatufungulia, hapa kwetu sisi ni familia, hatufichani. Na hiyo maneno ya dawa usijali, Jumapili niko Keringet, nitaongea na mama yako pole pole baada ya ibada. Kama mzazi.”

Kazi. Ilikuwa hapo, imeshuka na kioo ya gari. Mwaka mzima alikuwa ameiombea kwa magoti. Weldon nyuma yake alinong'ona, “Sema ndiyo.”

“Asante madam,” Jepleting akasema. “Sitaki.”

“Hutaki nini?”

“Kazi. Na mama yangu hutaongea na yeye. Huyo ni mama yangu, mambo yangu nitampelekea mimi mwenyewe.”

Tabasamu ya madam ikabaki, lakini macho zikaacha kutabasamu. “Msichana wangu, na hiyo historia yako, unajua nani mwingine Nakuru atakuchukua?”

“Sijui. Lakini atanisoma nikiwa nimeketi mbele yake, nikisema mwenyewe.” Akaweka mkoba kwa bega. “Na ukitaka kuchungulia tena, kuna picha ziliruka. Zile zenye zilifichwa kabla simu ikufikie. Muulize Weldon akuonyeshe. Kuna moja amelala na mdomo wazi kwa mto wangu.”

Madam aligeuza shingo polepole kwa Weldon.

“Picha gani, Weldon?”

Jepleting hakungoja. Aliteremka hiyo barabara na viatu vya mtu mwenye alimtukana, na nyuma akaskia Weldon akiita, “Jep! Jep, na Jumamosi? Wazee wameshajipanga! Jep!”

Aligeuka mara moja tu.

“Waambie ulikuwa unaniuliza njia,” akasema. “Na umepotea.”

Machozi zilimngoja mpaka kona. Hapo akasimama kwa ukuta wa watu, akalia vizuri, akatoa simu. Alimtoa Sue kwa block, akaandika, akafuta, akaandika tena: Haikuwa wewe. Ilikuwa Weldon. Nisamehe. Ikakataa kuenda. Sue pia alikuwa amemblock. Akajaribu kupiga, ikakataa. Alistahili, na hiyo iliuma kuliko ya Weldon.

Alikuwa bado ameshika simu hivyo venye ililia kwa mkono. Mama.

Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na kuku, na shangazi mwenye alikuwa anacheka kwa nguvu jikoni.

“Jepleting! Baba yako anauliza hao wageni ni wangapi, kama atachinja kondoo moja ama mbili. Na shangazi yako anasema usivae ile nguo fupi.”

“Mama.” Akapumua. “Kondoo iachwe tu.”

Kuku ziliendelea. Shangazi akawacha kucheka, maana mama alikuwa ameinua mkono, Jepleting aliona hiyo mkono kutoka Nakuru.

“Huyo kijana amekufa?”

“Hajakufa.”

“Ako na mwingine?”

“Afadhali angekuwa naye.”

“Uko na mimba?”

“Mama! Hapana.”

“Basi ni nini? Sema, mimi ni mama yako, nimesimama.”

“Keti kwanza.” Akapangusa macho. “Kuna kitu yangu ya mwaka jana yenye sikuwahi kukuambia. Kuna mtu anataka kukuletea Jumapili kwa mlango wa kanisa. Nataka uisikie na mdomo yangu kabla ya mtu yeyote. Naabiri gari ya asubuhi.”

“Niambie saa hii.”

“Sio kwa simu, mama. Simu imenifanyia ya kutosha leo. Nataka unione uso nikisema.”

Mama akavuta stuli, Jepleting akaiskia ikikwaruza chini. Halafu akasema, sauti ikiwa imeteremka mpaka mahali pa zamani, ile alikuwa anaongea nayo usiku mtoto akiwa na homa:

“Na mimi nitalala aje?”

“Lala tu, mama. Kesho nikifika nitakuambia yote.”